Ukuta wa Nyuma wa Getruda

Mama mdogo Getruda alikuwa msiribaji. Hapa Mnero nyumba nyingi ni za fito na udongo, na kila mwanamke anajua kusiriba, lakini mkono wake ulikuwa mwingine kabisa. Alichimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga hadi ulainike, akaupaka ukutani, na ukikauka hukuona hata alama ya kidole. Watu walitoka Nambambo kuja kumwita.

Mwaka 1999 mgeni mmoja Mzungu aliyetembelea misheni alizipiga picha kuta hizo mpaka tukachoka kumtazama. Miaka mitatu baadaye ikaja barua. Getruda aliombwa kwenda kujitolea Namibia, kwenye kijiji kilichokuwa kinajengwa jangwani kwa vitu vya asili tu. Nauli wangelipa wao, naye angekaa kuanzia Juni hadi Oktoba.

Kujitolea tunakujua. Ni kuchimba msingi wa zahanati na kusomba mawe. Hakuna aliyewahi kupanda ndege kwenda kujitolea, kwa hiyo tulimwonea fahari. Yeye jambo moja tu lilimsumbua. Nyumba aliyokaa na mama yake, Bibi Domitila, aliijenga mwenyewe, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanza kubanduka.

"Nitarudi kabla ya mvua, mama. Nitausiriba," alimwambia bibi, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena.

Aliyoyakuta huko alitusimulia baadaye huku akitema mate. Vyoo vilikuwa ndoo. Kila mtu kwa zamu alibeba mavi ya wenzake kwenda kuyarundika shimoni pamoja na majani. Yakishaoza yanatiwa kwenye nyanya, na nyanya hizo ndizo kachumbari ya jioni. Kuta walizipaka kinyesi cha ng'ombe kilichovundikwa kwenye pipa wiki mbili. Sisi huku hatufugi ng'ombe. Kitu hicho hatujawahi kukishika, sembuse kulala nacho chumba kimoja. Alitumbukiza mikono hadi kwenye viwiko, maana kujitolea ni kujitolea. Vijana wa Ulaya, waliolipa ili waruhusiwe kuteseka, walijipaka tope usoni wakapigana picha. Mwezi ukiisha walirudi kwao, kwenye nyumba za matofali na vyoo vya kuvuta maji.

Kilichomchukiza kuliko vyote ni hiki. Alisiriba chumba kizima kwa siku nne, kikawa laini kama alivyozoea. Akaja kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, akatikisa kichwa. Ukuta ni laini mno, alisema, haufanani na wa Afrika. Akaagiza ubanduliwe na kusiribwa upya, vidole vionekane. Waliousiriba ni wale vijana, na Getruda akapewa kazi ya kuwachotea maji.

Oktoba ikafika. Lilikuwa limebaki jengo moja la mviringo, la watu kwenda kuketi kimya. Jangwa zima kimya, nao wanajenga chumba cha kukaa kimya. Kiongozi akaisogeza tiketi ya Getruda hadi wiki ya pili ya Desemba bila kumuuliza. Getruda alimweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba kwao mvua inakaribia, mama yake haoni na ukuta ni mbovu. Yule mwanamke akamshika mikono, akamwambia mvua ni baraka. Maneno ya mtu wa jangwani ambaye hajanyeshewa miaka miwili.

Lakini nikiwatukana wao peke yao nitakuwa mnafiki, kwa sababu sisi tulikuwa hapahapa. Novemba ukuta ulipopata ufa wa kuingiza mkono, nilisomba udongo wa kichuguu madebe mawili, nikaanza kuumwagia maji. Mjomba Fortunatus, mkubwa wa ukoo wetu, akanikuta.

"Unafanya nini, Valentina?"

"Nataka kumsiribia mama mdogo, mjomba. Ukuta utaanguka."

"Getruda amekufa?"

"Hajafa."

"Basi mwaga huo udongo. Unataka tuletewe sanduku?"

Kwetu nyumba husiribwa na mwenyewe, au na fundi aliyemwita mwenyewe akiwa hapo. Mikono ya watu wasioitwa huingia siku nyumba ikipata msiba, ili waombolezaji wasikute ufa. Kumsiribia aliye safarini ni kumtabiria kifo. Bibi naye akasema kutoka ndani kwamba niache, mwanawe atarudi. Nikamwomba basi aje alale kwetu. Akakataa, hawezi kuiacha nyumba ya mwanawe bila mtu. Ningeweza kubishana nao. Nilimwaga udongo, nikanawa mikono.

Desemba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Tarehe tisa, alfajiri, ukuta wa nyuma ulimwangukia bibi kitandani. Tulipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Sasa palikuwa na msiba, na kwenye msiba kusiriba ni ruhusa. Wanaume wakasimamisha nguzo na kufunga fito. Wanawake, mimi nikiwa mmojawapo, tukakanyaga udongo. Mjomba Fortunatus mwenyewe aliteka maji. Kazi ilikwenda vizuri, watu ni wengi, hata utani ulikuwepo. Nilijichukia, na niliwachukia wote waliokuwa pale, lakini niliendelea kupaka.

Getruda alifika siku ya tatu ya matanga. Habari alikuwa ameshaipata stendi. Hakulia mbele yetu, wala hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akaweka kiganja ukutani. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Mmesiriba lini?" aliniuliza.

"Siku ya msiba, mama mdogo."

"Ilichukua siku ngapi?"

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia, na hakunisaidia.

"Asubuhi moja," nilisema.