Matundu Kumi na Moja

Nzilani huendesha gari kuukuu lenye kitanda na cherehani nyuma. Yeye na mumewe Kiilu, fundi wa nguo, hulala humo wakifuata siku za soko, Kwa Vonza leo, Emali kesho. Injini iko katikati ya viti vyao viwili, chini ya kifuniko cha bati. Kwa miaka kumi na miwili imewachoma miguu, na kuongea kwao ni kupiga kelele tu.

"Hizi gari ziko hivyo tu, mama," makanika mmoja alimwambia.

"Kwako ndio ziko hivyo," Nzilani akamjibu, akaenda kununua spana zake mwenyewe.

Alianza kwa kukosea. Alisokomeza sponji ya godoro chini ya kifuniko. Kabla ya kufika Kalamba ilikuwa inafuka moshi. Akaitupa. Kisha akafunika vioo vyote kwa leso, akaketi gizani mchana kweupe, akitafuta mahali mwanga unapopenya kutoka chini. Matundu kumi na moja! Huko ndiko joto na kelele zilikopitia. Akayaziba yote kwa mpira, akabadilisha raba iliyochakaa ya kifuniko, akatandika zulia zito sakafuni.

Jumanne wakaondoka. Miguu haikuungua. Mkasi ulisikika ukigongagonga kwenye droo ya cherehani.

"Kiilu," akaita polepole, akitabasamu.

Kiilu alitazama barabara.

"Kiilu."

Nzilani akasimamisha gari, akamgusa bega.

"Ati?" Kiilu akapiga kelele.

Nzilani akageuza gari. Soko lingengoja, hospitali kwanza.