Kila Kipande Kipite Kizima

Siku niliyowasha tuneli kati ya Butembo na Beni, nilitoa hotuba. Hakuna aliyeiomba. Wafanyakazi wa hospitali yetu ya Butembo walikuwa wamekusanyika kwa sala ya asubuhi, mchungaji alikwisha kusema amina, nami nikasimama mbele yao na kueleza, kwa dakika ishirini na kwa Kiswahili nilichokisoma chuoni, kwamba heshima ya mgonjwa huanzia katika utunzaji wa kumbukumbu zake. Mpishi alisinzia. Taa ya kijani ilikuwa imewaka kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha mashine na mtandao, na wakati ule niliamini kwamba taa ya kijani ndiyo neno la mwisho.

Jambo lenyewe lilikuwa zito, na hilo silifanyii mzaha. Hospitali ya Beni, iliyo chini ya kanisa moja na yetu, ilikuwa na mashine ya kuhifadhi picha za eksirei, na ndani yake diski moja ilikuwa imekufa. Mashine ya namna ile huvumilia kifo cha diski moja. Ikifa ya pili, kila kilichomo kinapotea. Diski mpya ilikuwa imeagizwa, na hakuna aliyejua ingefika lini. Mama aliyesimamia chumba cha picha, mwanamke wa makamo aliyeweza kumtambua mgonjwa kwa mbavu zake kabla ya kumtambua kwa sura, alinipigia simu kila asubuhi.

"Mutoto yangu," aliuliza, "picha zangu zitalala wapi leo?"

Kazi yangu ilikuwa kuzihamishia Butembo kabla ya diski ya pili kufa.

Mashine hizo, yao na yetu, zilizokuja kama msaada kutoka Ulaya, zina lugha yao, na mtandao wa kawaida hauielewi. Ili mashine ya Beni iifikie ya Butembo kupitia laini ya kampuni ya mtandao, swichi hulazimika kufunga kila kipande cha data ndani ya pakiti ya kawaida, na njia hiyo ya vitu vilivyofungwa ndiyo tuneli. Kila swichi ina mlango mmoja unaotazama nje. Mlango huo hupewa anwani, hupewa njia, na hupewa kipimo cha pakiti kubwa kuliko zote inayoruhusiwa kupita. Kitabu cha maelekezo ya swichi kilishauri baiti elfu mbili na mia tatu, ili kila kipande kipite kizima bila kukatwa. Nililipenda neno "kizima". Nilikuwa nimeandika insha ndefu chuoni kuhusu uadilifu, yaani utu usiokatwa vipande, na nikaona kwamba hatimaye mashine imekubaliana nami. Niliingiza namba ile pande zote mbili kwa taadhima ya mtu anayetia sahihi katiba.

Mchana wa siku ya hotuba, mama wa picha alipiga simu.

"Taa yako iko ya kijani, nimeiona. Mais picha hapana kwenda."

"Hata moja?"

"Hata ya kidole."

Nilituma pakiti ndogo za majaribio. Zote zilifika Beni na kurudi salama. Swichi ilikuwa nzima na laini ilikuwa nzima, basi kosa lilipaswa kuwa la mwanadamu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimefuata kitabu, alikuwa mwanadamu mwingine. Kwa siku tatu niliiandikia kampuni ya mtandao barua ya kurasa nne, nikiishutumu kwa kumeza pakiti za wagonjwa. Aya ya tatu, iliyohusu dhamiri, niliirudia mara saba. Fundi wao alijibu kwa mstari mmoja: je, nilikuwa nimejaribu na pakiti kubwa? Niliona kwamba anakwepa hoja.

Siku ya nne nilikodi pikipiki kwenda Beni kukagua nyaya kwa macho yangu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini njiani tulikuta bariere ya mvua bado imeshushwa: gogo lililolazwa juu ya njia, ili kamio, yaani malori, zisiichimbe barabara kabla haijakauka. Kamio zilikuwa zimepanga mstari. Pikipiki zilipita pembeni, moja baada ya nyingine, huku mlinzi akizipungia mkono. Nilitambua mara moja nilichokuwa nikikiona. Ilikuwa hongo.

"Simama," nilimwambia dereva wangu. "Tutangoja kama wengine."

"Shefu, hii bariere ni ya kamio."

"Sheria ni ya wote."

Alizima pikipiki, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha mkoba wangu begani. "Sawa. Mais bale banangoja, kila mutu iko na kamio. Weye uko na sakoshi tu."

Mlinzi mwenyewe alikuja kutuambia tupite. Nilimjibu kwamba sitalipa chochote.

"Nani amekuomba?" alisema, akarudi kuketi.

Tulikaa pale saa tatu. Mwenye kamio iliyokuwa mbele yetu, mzee Mwislamu wa Butembo anayesafirisha bidhaa kwenda Beni, alichoka kungoja kabla yangu. Aliita pikipiki sita, akafungua turubai, na katoni za sabuni zikaanza kushuka na kufungwa nyuma ya viti, nne hapa, tano pale. Alinikuta nimeketi juu ya jiwe.

"Na weye, muchungaji, unangoja nini?"

Nilimweleza kuhusu usawa mbele ya sheria. Alisikiliza kwa adabu. Nikamuuliza kama haogopi kuikatakata shehena yake namna ile.

"Kila katoni iko na namba. Shemeji yangu iko Beni, atazipanga vile zilikuwa." Alikaza kamba moja kwa mkono. "Bariere haiulize kama uko mutu muzuri. Inaangaliaka uzito tu."

Alikwisha kwenda kwenye pikipiki nyingine wakati mstari mmoja wa yule fundi uliponirudia kichwani, pamoja na kurasa zangu nne. Pakiti zangu za majaribio zilikuwa ndogo. Nilikuwa sijatuma kubwa hata moja.

"Twende," nilimwambia dereva.

"Na sheria?"

"Twende tu, ndugu yangu."

Beni nilizima mlango wa swichi, nikaandika elfu moja na mia tano, kipimo ambacho laini ya kampuni inaweza kubeba, nikauwasha. Kisha nikafanya vivyo hivyo upande wa Butembo kupitia mtandao. Dakika nne. Swichi ilianza kukata kila kipande bila kinyongo, na ya upande wa pili ikaunganisha. Picha zikaondoka, zile za zamani kwanza. Mama wa picha alivuta kiti mbele ya skrini akizisindikiza. "Goti ya mwalimu ile. Ile, mama ya batoto mapacha."

Kesho yake adhuhuri diski ya pili ikafa. Picha za miaka yote zilikuwa Butembo, isipokuwa za wiki za mwisho. Hesabu yake haikunihitaji kuwa na shahada: siku nne nilizopoteza zingetosha kabisa kuzihamisha zote.

Mama wa picha hakunilaumu. Alileta rejista ya karatasi yenye namba za simu, akaiweka mbele yangu. "Ukae. Utabaita bote, barudi tupige picha upya."

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa komini ya Ruwenzori, mjini Beni, aliyevunjika mkono. Nilimweleza kuhusu diski, tuneli, kipimo cha pakiti, na wajibu wa taasisi kwa raia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Donc mumepoteza mukono yangu?"

"Hapana, papa. Picha yake."

"Mukono niko nayo hapa. Niilete?"

"Ndiyo, papa."

"Basi ungesema."

Niliandikia kampuni barua ya pili, mistari miwili, kumwomba radhi yule fundi. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale mezani nilipiga namba iliyofuata, nikasema, "Mama, picha yako imepotea kwa kosa langu, tafadhali urudi," na mama wa picha akatia alama kwenye rejista bila kuinua macho.

"Wa tatu," alisema.