Vyuma vya Mgongoni mwa Rula

Shangazi yake, msusi, ndiye aliyegundua. Alikuwa amemketisha binti mbele yake amsuke, akaona bega la kulia limepanda kuliko la kushoto.

"Hebu kaa wima."

"Mbona nimekaa wima, shangazi?"

Shangazi akamfunua blauzi mgongoni. Uti wa mgongo wa binti wa miaka kumi na minne ulikuwa umejipinda kama nyoka.

Shuleni walishauona zamani. Walikuwa wakimwita Ndizi. Mama yake, mjane aliyepiga pasi kwa dobi, alidhani ni uzito wa mkoba wa vitabu tu.

Daktari wa mifupa hakuzunguka. Mpindo ulikuwa unazidi, na ukiachwa ungebana mapafu. Angeweka vyuma viwili kandokando ya uti, avikaze kwa skrubu, kisha apandikize vipande vya mfupa ili pingili zishikane ziwe kitu kimoja.

"Vyuma vinashikilia tu," alimwambia. "Kuunga ni kazi ya mfupa, na mfupa hauna haraka. Usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito."

Baada ya upasuaji binti alizinduka akilia kwa maumivu, lakini siku aliyosimama alikuwa amerefuka. Wenzake wakambadilishia jina: Rula. Hilo alilipenda. Kitandani aligeuka mwili mzima kama gogo. Mama alimwogesha, akamfunga kamba za viatu, akamfokea kila alipotaka kuokota hata kitana.

Mfupa ulikuwa bado haujashika vizuri mama alipoanguka bafuni. Kiharusi. Rula alimkuta kifudifudi juu ya beseni la nguo, uso ndani ya povu. Beseni lilikuwa limebanwa na kifua chake, halisogei. Rula akapiga kelele. Majirani wote walikuwa makazini.

Akainama, akampitisha mama mikono makwapani, akamvuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia mgongoni mwake, ko! Mama akakohoa maji. Binti akalala sakafuni kando yake, asiweze kujigeuza, hadi mtu akaja.

Chuma kimoja kilikuwa kimekatika. Upasuaji wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na alipozinduka mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Mama naye alipona nusu: mkono mmoja, mguu mmoja, mdomo umevutwa upande. Shangazi alipomsimulia yaliyotokea, mama alimgeukia binti yake.

"Ungeniacha."

"Ningekuacha, nani angenifokea?"

Mama hakucheka.

Siku hizi Rula ni mtu mzima, anasuka kwa shangazi. Wateja wanapandishwa kwenye kiti kirefu ili asiiname, naye husimama ameegemea kiti hicho, akiuburuta ule mguu akizunguka kichwa. Mara ya mwisho hospitalini, daktari alimwonyesha picha: pingili zimeungana zote. Akampa mkono, akampongeza.

"Na mguu, daktari?"

Daktari akaanza kuirudisha picha kwenye bahasha. "Tushukuru kwa huu mgongo," akasema.

Nyumbani wamebaki wawili, mama na mwana, na hakuna anayeweza kuinama. Kijiko kikianguka, wanakitazama, kisha wanatazamana. Kitakaa hapo sakafuni hadi shangazi afunge saluni, aje awaokotee.