Siku Niliyobishania Mahali pa Risasi

Mkasa huu ulinigharimu fahali mmoja, risasi mbili na salamu za Mama Chelimo, na hata nikihesabu mara mbili sioni faida. Naona aibu kuusimulia, lakini heri mnicheke nyinyi kuliko wale akina mama wanaochimba viazi huko Mau Narok, ambao hadi leo wakiniona wanauliza kama nimeshashuka kwenye lori.

Kazi yangu mnaijua, ubroka, yaani udalali wa ng'ombe, hapa Nakuru. Asubuhi hiyo Mama Chelimo, mjane ambaye nimenunua ng'ombe kwake kwa miaka sita, alinipigia kwamba fahali wake amekanyaga shimo la fuko, mguu wa mbele umevunjika, amelala katikati ya viazi na anayemkaribia na kamba anakaribishwa kwa pembe. Fahali huyo Mama alimlea mwenyewe kwa chupa, maana ng'ombe aliyemzaa alikufa akimzaa. Nilipofika, akina mama walikuwa wakichimba viazi na kupakia lori kando ya shamba, na Mama Chelimo hakutaja bei (hapo ndipo ningepaswa kujua hii si biashara ya kawaida).

"Mchukue kwa chochote," alisema, "lakini asiumie. Mimi nakaa ndani. Nikisikia mlio mmoja, nitajua amepumzika."

Nikamwahidi.

Wa kumpiga risasi alikuwa Afande, askari wa wanyamapori aliyestaafu, sasa analinda shamba la ngano la jirani na bunduki yenye leseni. Alimtazama fahali, kisha akaniambia, "Chora mstari kutoka jicho hili hadi pembe ile, na jicho lile hadi pembe hii. Inapokatana, hapo. Hatasikia hata mlio."

Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nikakumbuka mteja wangu wa supu ya kichwa, anayetaka kichwa kisicho na tundu.

"Kichwa tusikiguse, Afande. Piga nyuma ya bega."

"Hapo lazima atulie kabisa, na nitumie hii." Akanionyesha risasi ya ncha laini. "Ikiingia inafunguka. Inamaliza."

"Ikifunguka inaharibu kilo ngapi?"

"Wewe, hapa si sokoni."

"Kilo ngapi, mzee wangu?"

"Tatu, nne."

"Basi tia ile ya ncha ngumu, itoboe ipite."

Akakataa, nikamwongezea maini, akasema maini nikale mwenyewe, nikaendelea kusema, na fahali wakati huo wote anaguna pale chini, mpaka nadhani Afande aliona ubishi wangu unamtesa fahali kuliko risasi yoyote. Akatia ile ngumu. Akalenga, akafyatua, na sekunde hiyohiyo fahali akajigeuza, risasi ikapita kwenye bega kama sindano kwenye gunia.

Akasimama. Kwa miguu mitatu, na akaja upande wetu. Mimi sikumbuki nilivyopanda lori la viazi, nakumbuka kiatu kimoja kilibaki chini, na mama mmoja akipiga kelele, "Broka! Panda kabisa, ukae juu ya dereva!" Wote wakacheka. Nikacheka pia huko juu, na hicho kicheko ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu mlango wa nyumba ulifunguka nikiwa bado nacheka.

Mama Chelimo alikuwa amesikia mlio mmoja. Akatoka akijifuta macho kwa leso, akisema, "Asanteni, Mungu awabariki." Fahali akasikia ile sauti. Akatuacha, akaenda kwake polepole akichechemea, vile huwa anaenda kupewa chumvi, akainamisha kichwa mbele yake. Mama akamshika kati ya pembe.

"Mama, rudi nyuma kidogo," Afande alisema kwa upole. Alikuwa ameshabadilisha risasi.

Akarudi nyuma, hatua tatu. Afande akapiga pale mistari inapokatana, na fahali akaanguka papo hapo, wala hakurusha mguu.

Mama Chelimo akaniangalia kule juu ya lori la viazi. "Mbili," akasema, akaingia ndani.

Kile kichwa nilichotaka kukiokoa mteja alikikataa kwa sababu ya tundu. Nilimlipa Mama bei ya fahali mzima mwenye afya, hata sikuomba apunguze, akapokea bila kunikaribisha chai. Sitabishana tena na mtu anayejua mahali pa kupiga.

Sasa nishaurini. Kuna ndama dume huko Olenguruone, mamake amekufa, ananyonya chupa. Nimeshamnunua. Lakini nikimpelekea, Mama atadhani bado napatana bei, safari hii ya msamaha. Nimpeleke, ama niende mikono mitupu niseme tu pole?