Mkaguzi wa Moshi Aliyekalishwa Pabaya

Nina hasira hadi sasa, na anayenikera zaidi ni mimi mwenyewe. Nauza katika duka dogo la kampuni hapa Masasi, la mikate na soda baridi. Juzi bosi akapiga simu: "Mama Tuma, anakuja mtu kupima matawi yetu yanavyochafua hewa. Lenye moshi mwingi tunalifunga."

Nikose kazi na mtoto bado ananyonya? Thubutu! Umeme ulikuwa umekatika, jenereta linanguruma barazani tangu asubuhi. Nilipoona gari la mkaguzi nikazima jenereta haraka, nikalifunika magunia ya korosho, likawa kama mzigo wa mtu.

"Jenereta mnalo?" akauliza mkaguzi.

"Hapa ni sola tu, kaka," nikajibu bila haya.

Ndipo akatokea mama mkwe, kaja kumwona mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We mkamwana, mgeni unamsimamisha hivi?" Akatandika kanga yake juu ya magunia, akamshika mkaguzi mkono, akamketisha. Mama mkwe habishiwi mbele ya mgeni. Nikabaki natabasamu kama mjinga, namwomba Mungu chuma cha jenereta kipoe.

Hakikupoa. Gunia likaanza kunuka, moshi ukapanda, mkaguzi akaruka ameshika makalio. Akafunua magunia, akalitazama jenereta, kisha akanigeukia.

"Mama Tuma, huu moshi niuandike wa duka au wa suruali yangu?"