Mtaro Uliosubiri Mabomba

Tulipohamia kijiji kipya chini ya milima ya Vidunda, nyumba zilipangwa kwa mistari, lakini mto ulikuwa mbali na kiangazi tulichota tope. Ofisa wa halmashauri akaja kutoka Kilosa, akatuambia mkutanoni, "Nyinyi chimbeni mtaro kutoka kwenye chemchemi. Mabomba ni kazi yetu." Tulipiga vigelegele.

Tukachimba. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ndio kwanza ameshika mimba, naye akachimba. Asiyeonekana na jembe aliitwa mnyonyaji. Mawe ya mlimani yalivunja mipini. Vuli ikatukuta tungali mtaroni, mashamba yakaota magugu, tukavuna kiduchu. Nani angelalamika, na maji yako njiani?

Mtaro ukafika kijijini. Mabomba hayakuja.

Mwenyekiti wa kijiji alinichukua mimi, mwanamke pekee kwenye kamati, tukapanda lori la mbao hadi Kilosa. Kwenye kiti cha yule ofisa tulimkuta kijana mgeni.

"Halmashauri imevunjwa," alisema. "Sasa mipango inatoka mkoani. Mtaro gani huo?"

"Ule mliotuagiza tuchimbe."

"Mimi sikumwagiza mtu, mama. Kijiji chenu hakimo kwenye mipango."

Mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi, akamsihi mpaka nikaona haya kumtazama. "Ndugu yangu, tukirudi tuwaambie nini watu?"

"Waambie wazidi kuwa na moyo wa kujitegemea."

Masika ilipoanza, maji tuliyoyatafuta yakaja yenyewe, machafu, yakijaa mtaroni na kumega kingo. Njia ya shambani ikakatika. Wifi, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, aliteleza akirudi na kuni, akatumbukia. Tulimtoa akiwa hai. Kesho yake alijifungua mtoto asiyelia.

Alilala siku nyingi ameelekea ukutani. Nilipompelekea uji aliniuliza jambo moja tu.

"Wewe ulifika Kilosa. Kweli walikuwa hawatujui?"

Nilimsogezea bakuli.

Kiangazi kilichofuata akaja ofisa mwingine kwa gari. Alisema mkoa umekubali mradi wetu, ila mtaro umejaa udongo. Tuuchimbe upya kuonyesha ushirikiano. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.

"Jamani," mwenyekiti alisema, "mkinisusa mimi, mtakuwa mmemsusa nani, mkoa au mwenzenu?"

Watu wakatawanyika. Asubuhi nilimwona mtaroni peke yake, akichimba. Nikaenda na jembe langu. Udongo ulikuwa umekauka kama saruji, na kila tulichokitoa kilikuwa kidogo mno mbele ya urefu ule wote uliopanda mlimani. Jua lilipokuwa kali alitupa jembe, akaketi ukingoni, akalia kama aliyefiwa.

"Nenda nyumbani, mwanangu," aliniambia. "Una watoto wanaosubiri maji."

Nilichukua ndoo, nikampitia wifi, tukashika njia ya mtoni. Mabomba hayakufika mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote nilioishi pale.