Noeli Tuliyomkimbia Mama

Mama yangu anaishi Kiringye, na kila Noeli alikuwa anashuka kwetu Uvira. Alikuja siku tatu kabla ya sikukuu, akakaa mpaka baada ya Bonane, yaani mwaka mpya, na siku zote hizo jiko lilikuwa lake. Sufuria nilizokwisha kusugua alizisugua tena. Sombe yangu ya majani ya muhogo aliionja, akamtazama bwana yangu, akamwambia pole. Watoto walimpenda ajabu. Mimi nilikuwa nahesabu siku.

Mwaka ule nikasema imetosha. Nilikuwa nimemaliza muhula wa kufundisha watoto wanaokaa watano kwenye benchi moja, nimechoka mpaka mifupa. Nikamwambia bwana yangu safari hii Noeli tunaila mbali. Bujumbura iko karibu, lakini mpakani wanaweza kukuzungusha mpaka sikukuu ipite. Bukavu nina dada, na dada huyo hajui kufunga mdomo. Ndipo bwana yangu akamkumbuka rafiki yake, mfugaji wa Mulenge, ambaye kila mara alikuwa akituita tupande kunywa maziwa. Njia ya milimani ilikuwa tulivu wiki zile. Tukakata shauri. Nilitaka kitu kimoja tu: mama asijue kwamba tunamkimbia yeye.

Sasa, kwetu mtu haachi nyumba yake Noeli hivihivi. Sababu ambayo hakuna anayeibishia ni moja, kilio cha msiba. Nikampigia mama simu.

“Mama, usishuke mwaka huu. Shangazi ya bwana yangu amefariki, tunaenda kwenye kilio.”

“Masikini. Kilio kiko wapi?”

“Kwake, Kavimvira,” nikajibu bila kufikiri.

Shangazi huyo alikuwa hai, mzima kabisa, kwake Kavimvira, mtaa wa hapohapo Uvira. Mama alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya arusi yetu. Nilisikia mama anapenga kamasi, akaniambia nijikaze, akakata. Bwana yangu alikuwa ameketi palepale.

“Unaua shangazi yangu ili upate kupumzika?”

“Nimemuua kwenye simu tu,” nikamwambia. “Baada ya Bonane atafufuka.”

Hakucheka. Alisema afadhali ningesema ukweli. Nikamwambia ukweli auseme yeye, maana mama si wake. Kesho yake tukaondoka, na gari lilipokaribia Kiringye nilijifunika kikwembe kichwani mpaka tulipokata kona ya kupanda milima.

Mulenge kulikuwa na baridi, ng'ombe, na maziwa ambayo watoto waliyanywa mpaka wakakataa. Rezo hakuna, simu haishiki. Siku ya Noeli tulisali, tukala nyama, nikalala mchana kama mtu asiye na kazi duniani. Niseme ukweli, mama sikumkumbuka hata mara moja.

Siku ya pili baada ya Noeli tukashuka. Hatujafika hata bondeni, simu ya bwana yangu ikaita. Alisikiliza muda mrefu, kisha akaninyooshea.

“Ongea na marehemu,” akasema.

“Mukwe wangu,” shangazi akaniambia, sauti yake imetulia kabisa, “minye niko hapa. Weye uko wapi?”

Akanieleza mwenyewe. Siku ya Noeli alikuwa anakaanga samaki, akasikia watu wanalia barabarani. Akadhani ni jirani amepatwa na msiba. Kilio kikakaribia, kikaingia uani kwake. Mbele alikuwa mama yangu, kikwembe amefunga kiunoni, na nyuma yake wamama wa kanisa lake la Kiringye, na unga wa muhogo, maharage na makala ya kupikia vichwani, namna wakwe wanavyokuja kwenye msiba.

“Mama yako aliniona, akakaa chini kwenye vumbi. Nikaogopa atakufa yeye.”

Nilimrudishia mwenyewe simu yake. Nilisahau namna gani? Mimi mwenyewe nimebeba unga kwenda kulia na wakwe, mara ngapi sijui. Mama gani wa kwetu anaambiwa msiba umeingia kwa wakwe za mtoto wake, akabaki nyumbani anakula Noeli? Nilijiona mjinga, na aibu ilinishika mpaka nikashindwa kumtazama bwana yangu.

Tulikwenda moja kwa moja Kavimvira. Wale wamama walikuwa wamekwisha kurudi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, yale waliyoyaleta. Nilipiga magoti. Hakuinua macho.

“Nani alikufa?”

“Hakuna, mama.”

“Mulienda wapi?”

“Mulenge. Kupumzika.”

“Nani alikuwa anawachokesha?”

Watoto walisimama nyuma yangu. Shangazi, aliyekuwa akitabasamu tulipoingia, akaenda zake kuangalia moto.

“Wale wamama niliwaharibia sikukuu yao,” mama akasema. “Niliwaambia mtoto wangu analia peke yake.” Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. “Siku ingine useme minye ndiye nilikufa. Hapo hakuna atakayekuja kukusumbua.”

Nililia, naye aliniacha nilie.

Mwaka uliofuata nilimpigia mapema, nikamwomba aje, nikapika tangu alfajiri. Mama alishuka Uvira kweli. Alishukia Kavimvira, kwa shangazi, akakaa huko mpaka baada ya Bonane. Nilipoenda kumchukua alinipokea vizuri sana. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunawa, akaniuliza habari za nyumbani kwangu namna mtu anavyomuuliza mgeni. Nikala, nikashukuru, nikarudi peke yangu.